Aproni ya Mlezi wa Chachu

Pale kiwandani walimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari wa mtu wala wa mnyama. Alikuwa mpimaji wa maabara katika kiwanda cha jibini, na jina hilo alibandikwa na wapakiaji siku ya kwanza alipokatiza uani amevaa koti jeupe, vifungo vimefungwa mpaka kooni, jua linawaka na jasho linamtiririka. Wakasema binti anayevumilia joto namna ile kwa ajili ya heshima lazima awe daktari. Yeye alijitia hapendi. Lakini waliomwita hivyo aliwaitikia upesi kuliko waliomwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, na hilo kila mtu aliliona.

Aliyemwingiza kiwandani alikuwa mjomba wake, kaka mkubwa wa mama yake. Ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyepeleka jina lake ofisini, na ndiye aliyemnunulia hilo koti. Mzee huyo alikuwa mlezi wa chachu. Watu wengi hudhani jibini inaanza na maziwa, haianzi hivyo. Inaanza na chachu, yaani bakteria wema wanaotiwa kwenye maziwa ili yachachuke na kuganda. Bila wao utakesha na maziwa yako na yatabaki maziwa. Mjomba aliwalea bakteria hao katika chumba chake chenye vigae vyeupe, ndani ya majagi ya chuma, akiwalisha maziwa ya vuguvugu na kuwahamisha jagi hadi jagi. Watu wa uani walidai kwamba anawaimbia. Hakuwa akiimba. Alikuwa akinung'unika, kwa sababu kila aliyemletea maziwa alimletea yakiwa ya moto kuliko alivyoagiza.

Mlangoni kwake palikuwa na kibao: asiyehusika asiingie. Daktari alihusika na maabara, hakuhusika na chachu. Lakini utapitaje mlangoni kwa mjomba aliyekulea bila kumwamkia? Kila asubuhi, akishachota yale majimaji yanayobaki kwenye matangi maziwa yakishaganda, alipitia hapo na vichupa vyake mkononi, akabisha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita."

Naye akapita. Akampa mikono yote miwili, akamuuliza habari za mgongo, akataniwa kuhusu koti lake, akatoka. Mlango ukifungwa, nyuma yake alisikia chupa ya dawa ikipulizwa, shf, shf, shf, mzee akianza siku yake. Sauti hiyo alikuwa ameizoea na hata aliipenda.

Kisha maziwa yakagoma. Tangi la kwanza lilikataa kuganda, watu wakasema ni bahati mbaya. La pili likakataa, wakalaumu ng'ombe. La tatu lilipomwagwa mtaroni, maziwa yake meupe na mepesi kama yalivyoingia, Meneja akashuka ngazi za ofisini miguu peku kwa jinsi alivyokuwa na haraka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na siku ile sauti ilimkauka.

Kilichokuwa kinaharibu kilijulikana. Kuna kirusi ambacho hakina shida na mtu. Unaweza kukinywa na ukalala vizuri. Shida yake ni bakteria. Humrukia mmoja, kikajizalisha tumboni mwake mpaka kinampasua, na watoto wake wakatoka kutafuta wengine. Wataalamu wana jina lao refu la kukiita, kiwandani walikiita mla-chachu, na jina hilo lilitosha. Swali lilikuwa moja tu: nani anakiingiza kwenye chumba cha chachu?

Hapo ndipo vipimo vipya vikaja, na Daktari akapata siku yake.

Alikuwa amepelekwa mafunzo kwa ajili ya vipimo hivyo. Kipimo kilikuwa sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo, na chini ya kila kishimo wamegandishwa walinzi wasioonekana: kingamwili zilizotengenezwa maabara, zote za ukoo wa seli moja, zote sawasawa, zenye kazi moja tu duniani. Kazi hiyo ni kushika protini iliyomo kwenye koti la mla-chachu, yaani ganda lake la nje. Unapangusa kitu kwa pamba ya kijiti, unakiosha kijiti kwenye maji maalumu, unadondosha maji hayo kishimoni, unasuuza, unatia rangi. Koti likiwepo, kishimo kinageuka buluu. Lisipokuwepo, kinabaki cheupe.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa amewaambia zaidi ya hapo. Kingamwili hizi, alisema, ni kama mtu anayelijua shati moja tu katika kamba nzima ya nguo. Shati likiwa mgongoni mwa mwenyewe au linaning'inia tupu, kwake ni lile lile. Kwa hiyo kikigeuka buluu, jueni koti lipo. Kama mwenye koti yu hai au alishakufa, muulizeni bakteria. Waoteshe kwenye sahani ya jeli, wadondoshee maji yale yale, ngojeni hadi kesho. Mla-chachu akiwa hai atatoboa matundu kwenye ule utando wao mweupe. Akiwa mfu, hapana tundu. Daktari aliyaelewa hayo yote. Alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono na kuyarudia kwa maneno yake, na mwalimu akamsifu mbele za watu.

Siku ya kupima, Meneja alitaka wote wapimwe uani, hadharani, ili pasiwe na mtu wa kusema ameonewa. Wakapanga foleni: wamwaga maziwa, wakata jibini, wapakiaji, waosha makreti, dereva, na mzee wa chachu na aproni yake iliyopigwa pasi. Daktari alipita na vijiti vyake, akapangusa viganja, viatu na aproni, na kila aliyefikiwa alipachika mzaha. Dereva alisema yeye kitakachokutwa kwake ni mapenzi tu. Wakacheka. Mjomba akatoa mikono kabla hajaombwa, akatabasamu, akawaambia walio karibu naye, "Mnaona? Huyu nimemlea mimi."

Alipima palepale, mezani, chini ya kivuli cha paa la kupakulia, watu wamemzunguka kama wanaangalia mechi. Akasuuza, akatia rangi. Vishimo vikakaa vyeupe, safu moja, safu ya pili. Halafu kimoja kikaanza kuiva. Kilianza na rangi ya anga, kikazidi, kikawa buluu kama wino.

"Hicho cha nani?" akauliza Meneja.

Daktari alikijua kabla hajasoma namba. Alikijua kwa mahali kilipokaa.

"Cha aproni ya mlezi wa chachu."

Hapa ndipo alipotakiwa kusema maneno ambayo ndiyo hasa kazi yake: tusubiri hadi kesho, tuwaulize bakteria. Yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nyuma ya kundi, mmoja wa wapakiaji, wala hakusema kwa ubaya, alisema kama anavyosema mambo yote, "Haya, sasa ndiyo tutauona ujomba."

Watu wakaguna. Damu ikampanda Daktari usoni. Aliyaona yote kwa mara moja: atakavyosema tusubiri, watakavyokonyezana, atakavyorudi kesho na majibu mazuri ya mjomba wake na hakuna hata mmoja atakayeyaamini. Jina lake lote, lile aliloitwa kwa heshima, lingekwenda na maji ya mtaroni.

"Una uhakika?" Meneja akamuuliza.

"Majibu ni hayo," akasema.

"Nimeuliza, una uhakika?"

"Nina uhakika."

Mjomba wake hakubisha. Pengine angebisha, hata kwa hasira, ingekuwa rahisi. Alikisogelea kile kishimo, akakiinamia, akakiangalia kwa muda kama mtu anayejaribu kusoma bila miwani. Kisha akamgeukia mpwa wake, akauliza taratibu:

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona, mjomba."

"Basi."

Akaifungua aproni, akaikunja kwa mapindo yake yale yale, akatazama kushoto na kulia atampa nani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Ilibidi Daktari alete mfuko wa plastiki, na mzee akaitumbukiza humo bila kumgusa vidole.

Siku hiyo hiyo akahamishiwa kwenye makreti. Chumba cha chachu akapewa dada mmoja kutoka upakiaji, mchapakazi, msikivu, aliyeonyeshwa kazi asubuhi na kuachiwa jioni. Na kwa kuwa alikuwa mgeni wa kazi, Meneja aliagiza Daktari awe anaingia kumkagua kila siku.

Wapakiaji walimsifu Daktari. Walisema huyu hana upendeleo, huyu hata mjomba hakumwangalia usoni. Yule yule aliyetaja ujomba alimshika bega na kumwambia, "Wewe ni mtu." Na hapa pana jambo ambalo baadaye lilimfanya atamani ardhi ipasuke immeze: alifurahi. Siku chache alitembea uani kifua mbele na kile kilemba cha ukoka kichwani, akaona kimemkaa.

Kisha ikaja siku ya mapumziko, na kama kawaida mjomba akaja kula nyumbani kwa dada yake, yaani kwa mama yake Daktari, ambako Daktari naye aliishi. Mzee alikaa kiti cha karibu na mlango, si kile chake. Chai ikaletwa, jagi la maziwa likasogezwa mbele yake. Akarudisha mikono mapajani.

"Nimiminie wewe, dada. Mimi nisiguse maziwa."

"Usiguse maziwa una nini?"

"Nina mdudu. Si wa kuua mtu, lakini ninaharibu."

Mama akacheka, akidhani ni utani, kwani kaka yake alikuwa na utani mwingi. Kisha akaiona mikono yake. Ngozi ya viganja ilikuwa imebabuka na kupasuka kwenye viungo, nyekundu, kama ya mtu aliyeshinda akifua kwa magadi. Alikuwa akiisugua kwa dawa ya klorini asubuhi, mchana na jioni, nyumbani kwake, peke yake. Daktari alipoinuka kumwamkia na kumpa mikono, mzee akajivuta nyuma.

"Hapana, mwanangu. Wewe unaingia maabara. Nitakuharibia kazi."

Hakusema kwa kinyongo. Hilo ndilo lililomchoma. Alisema kama anavyosema mtu mwenye mafua anayemkataza mtoto asimkaribie. Baadaye jikoni, mama aliweka sufuria chini kwa kishindo, akamkazia macho binti yake.

"Umemwambia nini kaka yangu?"

"Sikumwambia mimi, mama. Ni kipimo."

"Kipimo kina mdomo?"

Daktari aligeukia beseni. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Na matangi je? Matangi yakazidi. Tangu mzee aondoke, badala ya tangi moja moja yakawa yanagoma kwa kufuatana, na yule dada wa upakiaji alikuwa akilia chooni kwa sababu alidhani ni mkono wake. Meneja akaanza kusema kwamba labda yule mzee aliacha mdudu ukutani. Watu wakaitikia. Daktari alisikia, akaendelea kuandika namba kwenye vichupa vyake.

Ndipo akafanya alichopaswa kufanya mwanzo. Maji ya vijiti vya siku ile yalikuwa bado kwenye friji. Akaotesha bakteria kwenye jeli, akawadondoshea maji ya aproni ya mjomba wake, akafunga sahani, akaenda nyumbani, hakula. Kesho yake akaifungua.

Utando ulikuwa mzima. Mweupe, laini, bila hata tundu moja. Koti lilikuwepo, tena kwa wingi, lakini wenye makoti walikuwa maiti wote. Akautoa ule mfuko, akaifungua aproni na kuisogeza puani. Ilinuka klorini. Baada ya muda wote ule kwenye plastiki, ilinuka kana kwamba imetoka kupulizwa.

Akaketi kwenye stuli. Mtu aliyepaka dawa kiasi kile, aliwaua wangapi? Na waliingia kutoka wapi, wengi hivyo, kila siku, hadi makoti yao yakajaa kwenye kitambaa? Akapima maji ya vijiti vyote vilivyobaki, mtu baada ya mtu. Utando mzima, utando mzima, utando mzima. Ikabaki kwamba foleni nzima ya kiwanda ilipimwa isipokuwa mtu mmoja, aliyekuwa ameshika vijiti.

Kujipima mwenyewe si kazi ngumu. Kijiti kile kile, maji yale yale. Lakini alikizungushazungusha kile kijiti mkononi, akapanga vichupa vilivyokwisha kupangwa, akaenda kunywa maji, akarudi. Hatimaye akapangusa mkono wa koti lake, pale kwenye pindo panapoloana kila asubuhi anapoinama matangini kuchota yale majimaji, ambamo mla-chachu huzaana. Kishimo kikatoa buluu hafifu, ya kubabaisha, kiasi kwamba uani siku ile wangeisoma kuwa nyeupe. Sahani ya jeli haikubabaisha. Kesho yake haikuwa na utando wa kutoboa. Palikuwa na tundu juu ya tundu, jeli imebaki tupu: walikuwa wachache, lakini hai, na wamezaana usiku kucha.

Hapo akaisikia tena ile sauti, kana kwamba mlango umefungwa nyuma yake sasa hivi. Shf, shf, shf. Mzee hakuwa akianza siku yake. Alikuwa akipuliza dawa alipokanyaga mpwa wake, na mikono aliyompa, na aproni aliyoigusa, kwa sababu taratibu zilisema akiingia mgeni chumba kipulizwe. Kumwambia asiingie hakuweza. Kwa hiyo alimkaribisha kwa furaha, kisha akasafisha nyuma yake, kila siku, kimya kimya, na siku moja moja dawa haikufika kila mahali, na tangi likagoma. Alipoondolewa yeye, aliyebaki hakuwa na mazoea ya kumpulizia dawa mkaguzi.

Daktari aliona haya ambayo hajawahi kuyaona maishani. Si yale ya kuwaka usoni na kupita. Yalishuka mpaka miguuni.

Akaenda kwa Meneja, akamweleza juu ya sahani na juu ya koti lake. Meneja alisikiliza akizungusha kalamu. Mwisho akavuta pumzi, akainuka, akafunga mlango.

"Sikiliza, Daktari. Tukisema mpimaji ndiye aliyekuwa anaingiza, wanunuzi watatuuliza maabara yetu ni ya namna gani. Tuseme vile vipimo viliharibika njiani. Vimekaa juani kwenye lori, hizo kingamwili zikachacha. Mzee anarudi kazini, wewe unabadilisha koti, yamekwisha. Nani ataumia?"

Kingamwili hazikuchacha. Zilifanya kazi yao kwa uaminifu. Ziliulizwa kama koti lipo, zikajibu lipo. Aliyejazia yaliyobaki alikuwa yeye. Aliyajua hayo, na bado, mtu mzima na elimu yake, alijikuta akisema, "Labda tuseme hivyo."

Akatoka akijiona mwepesi, na wepesi huo ulimfikisha kwenye makreti tu. Mjomba wake alikuwa ameinama kwenye beseni la zege, glavu za mpira hadi kwenye viwiko, akisugua. Alipomwona akarudi nyuma hatua kama kawaida yake mpya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Baki hapo hapo."

"Nimekuja na habari njema. Kile kipimo kilikosea. Dawa zake ziliharibika njiani. Unarudi kwenye chachu."

Alitegemea mzee acheke, au alie. Mzee aliweka kreti chini, akamwangalia kwa upole uliochanganyika na wasiwasi, akapunguza sauti.

"Wamekulazimisha?"

"Nani?"

"Usifanye hivyo, mwanangu. Watu watasema umenibeba. Siku ile ulisema una uhakika, mbele ya wote, na mimi nilikuamini, maana wewe ubabaishaji si tabia yako. Nimekubali. Hapa kwenye makreti si pabaya. Usije ukavunja jina lako kwa ajili yangu."

Mzee huyu alikuwa tayari kuendelea kujiona uchafu ili kipimo cha mpwa wake kibaki kweli. Akaketi juu ya kreti lililolowa, koti jeupe na maji machafu, akamwambia yote. Habari ya makoti matupu. Habari ya sahani. Habari ya pindo la mkono wake, na dawa iliyokuwa ikipulizwa nyuma yake. Aliongea akiangalia maji kwenye sakafu.

Mjomba alisikiliza. Alipofika kwenye asubuhi zile za shikamoo, mzee alitikisa kichwa, na tabasamu dogo likampita.

"Kwa hiyo ni kuamkiana kwetu."

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe."

"Hilo ni langu pia. Kibao nilikuwa nakiona, na neno pita nilisema mimi." Akavua glavu moja, taratibu, kidole kwa kidole, akauangalia mkono wake uliopasuka. "Kwa hiyo huu mkono hauna kitu?"

"Hauna kitu. Haukuwahi kuwa na kitu."

Akakunja ngumi, akaikunjua. Kisha ukamjia uso ambao Daktari hakuwahi kuuona, uso wa mtu anayerudi nyuma kutafuta alipoangusha kitu.

"Hiyo sahani ya jeli. Ya kungoja hadi kesho. Ulijifunza lini, juzi hizi?"

Angeweza kusema juzi hizi. Ilikuwa neno moja tu.

"Kwenye mafunzo, mjomba. Kabla ya siku ile."

"Kwa hiyo pale uani ulijua."

"Nilijua."

"Na ingekuwa ni dereva, ungemngojea?"

Akafunga macho. "Ningemngojea."

Mzee akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa, kama anayepokea hesabu iliyokaa sawa. Akaivaa tena ile glavu, akainama, akachukua kreti.

"Nimesikia," akasema. "Ngoja nimalize haya."

Siku iliyofuata Daktari alimwomba Meneja awakusanye watu, na Meneja alipokataa aliwakusanya mwenyewe, pale pale chini ya paa la kupakulia. Akasema kwa kifupi kwamba mdudu alikuwa kwenye koti lake, kwamba aproni ya mlezi wa chachu ilikutwa na makoti ya wafu kwa sababu mzee ndiye aliyekuwa akiwaua, na kwamba yeye alijua njia ya kuhakikisha na hakuitumia kwa kuogopa midomo yao. Hakuna aliyepiga mzaha. Yule mpakiaji wa ujomba aliangalia viatu vyake. Mmoja nyuma akacheka kidogo, cheko la kukosa la kufanya, akaacha. Tangu hapo hawakumwita Daktari tena. Walimwita kwa jina lake, kwa adabu kabisa, na kila alipolisikia alitamani wangemtukana.

Mjomba alirudishwa kwenye chachu, na maziwa yakaganda tena. Taratibu mpya ziliandikwa, na aliyeziandika ni mpimaji mwenyewe, kwa herufi kubwa: hakuna kuingia, kwa yeyote, atakayefika mlangoni asimame nje ya mstari mwekundu, na akishaondoka, mlango upulizwe dawa.

Asubuhi ya kwanza alifika na vichupa vyake, koti jipya, akasimama nje ya mstari. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alimwona mzee kwa ndani, aproni imepigwa pasi, ameinamia majagi yake, ananung'unika.

"Shikamoo, mjomba."

Manung'uniko yakanyamaza. Alingoja. Alikuwa amengoja siku nyingi kuisikia sauti ile ikimjibu kutoka chumba kile.

"Marahaba," mzee akajibu.

Lile neno la mwanangu halikuja, na la pita halikuweza kuja, maana alilikataza yeye mwenyewe kwa maandishi. Akasimama kidogo, labda angeulizwa jambo, labda angetaniwa koti. Mlango ukasukumwa kwa ndani, bila kishindo, ukajifunga vizuri. Akageuka aende zake. Hata hajafika kwenye kona, akasikia nyuma yake chupa ya dawa, shf, shf, shf, kama taratibu zinavyosema.